Usiruke chai ya asubuhi: kwa mnaotaka kuingia NCC mkienda kusoma India

Kila ikikaribia mwezi wa saba vijana wa Upanga na Kisutu hapa Dar wanaanza kufunga mabegi kwenda vyuo vya India, na lazima atokee mmoja aniulize, dada, ile picha yako umevaa kaki na bereti ulikuwa jeshini au mlikuwa na sherehe? Haikuwa sherehe. Nilikuwa kadeti wa NCC (National Cadet Corps, mafunzo ya kijeshi ya hiari kwa wanafunzi wa India) miaka mitatu nikisoma biashara chuo kimoja cha Vadodara, Gujarat, na naandika hapa mara moja nimalize maana nimechoka kurudia yaleyale kwa voisi noti za WhatsApp.

Tuanze na pasipoti kwa sababu hapo ndo wengi wanaishia. NCC inachukua raia wa India na wa Nepal tu. Mimi nimezaliwa Dar, nimekulia Dar, hata nikiota naota kwa Kiswahili, ila pasipoti yangu ni ya India kwa ajili ya wazazi, kwaiyo nikapita. Watanzania wenzangu wa hosteli hawakuweza. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania basi usipange foleni ya fomu, nenda kajiandikishe mpira au klabu ya maigizo, hutapoteza kitu.

Sa wazazi wanaogopa, wanadhani mtoto anapelekwa vitani. Bibi yangu alilia kwenye simu kabisa. NCC iliundwa kwa sheria ya 1948, baada ya kamati ya Pandit H. N. Kunzru ya 1946 kupendekeza vijana wa shule na vyuo wafundishwe, na wasichana wakaingizwa 1949. Baada ya vita vya India na China vya 1962 wakaifanya lazima kwa wanafunzi wa vyuo, ilikuwa 1963, mwaka uleule JKT inaanzishwa huku kwetu, ila 1968 wenzetu wakairudisha kuwa hiari na imebaki hivyo mpaka leo. Ukimaliza hudaiwi chochote, hakuna mtu atakupigia simu uje mpakani. Bibi nilimweleza hayo yote akanyamaza kidogo halafu akauliza, sasa bunduki ya nini? Sikuwa na jibu zuri.

Kama unataka, ingia mwaka wa kwanza, muhula unapoanza. Usiseme utazoea kwanza chuo halafu mwaka wa pili ujiunge, kwa sababu ngazi ya chuo ni miaka mitatu na kile cheti cha mwisho, cha C, unafanyia mtihani mwaka wa tatu. Usaili wenyewe si wa kutisha: ulikuwa mbio, urefu, afya, na maswali mawili matatu. Nafasi huwa chache kuliko watu kwaiyo fika mapema.

Kilichonitesha mimi mwezi wa kwanza haikuwa mbio. Ilikuwa lugha. Nyumbani tunaongea Kikutchi na Kigujarati, Kihindi changu chote kilitoka kwenye sinema za Jumapili, na amri za gwaride zote ni za Kihindi. Savdhan ni mguu sawa, vishram ni mguu pande, hizo nilizikamata siku ya kwanza. Tatizo likaja kwenye kugeuka. Kulia kwa Kihindi ni dahine. Kushoto kwa Kigujarati ni dabi. Sasa mkufunzi akipiga kelele "dahine mud!" mimi sikio langu linadaka ile "da" tu, mwili umeshaenda kushoto, na nikifungua macho natazamana uso kwa uso na mwenzangu kama tunaenda kuoana. Wiki tatu nzima. Mpaka nikaandika kwa kalamu mgongo wa mkono wa kulia herufi D kubwa, na Watu wa Gujarat wenyewe, waliokulia hukohuko, walikuwa wanakuja kunichungulia mkono. Kwaiyo kabla hujapanda ndege jifunze amri kumi tu za Kihindi, ziko kila mahali kwenye YouTube, fanyia mazoezi sebuleni, wadogo zako watacheka lakini wewe hutachekwa uwanjani. Na mkufunzi, wale askari wa jeshi wanaoletwa kufundisha, anaitwa ustaad. Neno letu lilelile, ustadhi, sema huyu hafundishi madrasa.

Haya, chai.

Agosti 15 ni siku ya uhuru wa India na kadeti wa chuo ndo wanaopiga gwaride bendera ikipandishwa, kwaiyo wiki mbili kabla mnafanya mazoezi kila siku alfajiri. Ni msimu wa mvua, hewa ya Vadodara wakati huo ni kama umefunikwa taulo la moto, jua halionekani lakini jasho linatiririka. Siku moja nilichelewa kuamka, nikawa nahangaika na kifundo cha nywele (lazima zifungwe nyuma zikazwe na neti nyeusi, unywele mmoja ukitokeza utasikia), muda ukaisha, nikatoka bila chai bila hata biskuti. Tukasimamishwa mguu sawa kumsubiri mgeni wa mazoezi ambaye hakuwepo, ni kiti tu, tunasubiri kiti. Mimi kwa ujinga wa kutaka kuonekana mkakamavu nikakaza magoti mpaka mwisho kama mlingoti. Dakika sijui ngapi zikapita. Nikaona ile nguzo ya bendera imekuwa mbili, masikio yakaanza kuvuma, mate yakawa ya baridi, nikajiambia vumilia kidogo, na hilo ndo la mwisho ninalokumbuka. Nilianguka kifudifudi, kidevu kikatangulia kwenye sakafu ya saruji. Nilishonwa nyuzi tatu na kovu ninalo, wale wanaonijua walishaniuliza wakadhani ni baiskeli.

Ustaad hakunigombeza. Alinichuchumalia na chupa ya maji ya glukosi akauliza swali moja: asubuhi umekula nini?

Kwaiyo sikiliza. Kula. Ndizi moja, chapati na chai, chochote, na maji unywe toka usiku. Ukisimama muda mrefu usikaze magoti, yalegeze kidogo sana kiasi kwamba mtu wa nje haoni, na ndani ya buti chezesha vidole vya miguu, vinasukuma damu irudi juu. Ukiona giza linaingia pembeni ya macho usijifanye shujaa, piga goti chini au mwambie wa pembeni. Kupiga goti ni aibu ya dakika tano.

Buti nazo. Zile ngumu nyeusi, usizivae kwa mara ya kwanza siku ya gwaride, zivae hosteli jioni wiki nzima ukiwa unasoma, na soksi nene. Malengelenge usiyapasue. Kung'arisha nilifundishwa na dada mmoja wa Mbeya aliyekuwa chumba cha jirani, yeye alishapita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, akaniona nasugua buti kwa brashi kama nafua, akanyang'anya. Akachukua pamba, akaichovya kwenye maji kidogo, kiwi kidogo sana kwenye ncha ya kidole, halafu anazungusha viduara vidogo vidogo pale kwenye pua ya buti, pole pole, anaongea mambo mengine kabisa, nusu saa baadaye naona taa ya dari ndani ya kiatu. Akasema afande wake alikuwa anachungulia meno yake mle. Huyo dada hakuruhusiwa kujiunga NCC lakini platuni yetu nzima ilikuwa inaleta buti kwake, na tulimlipa kwa sambusa, maana baada ya gwaride kadeti mnapewa kitafunwa na mara nyingi ni sambusa na ndizi.

Kambi ni siku kumi. Bila kambi hufanyi mtihani wa cheti, hilo lieleweke. Kuamka kabla jua halijatoka, mazoezi ya viungo, gwaride, kusoma ramani na dira, huduma ya kwanza, kufagia, foleni ya chakula umeshika sahani yako ya stili, wali na dengu, puri, wali na dengu tena. Usiku mnapokezana lindo, na mimi zamu yangu ilikuwa saa nane usiku na fimbo na tochi nalinda mahema ya wasichana mia mbili waliolala, niliwaza sana kwa nini sikubaki Dar. Kuhusu vitu vya kubeba: kufuli lako mwenyewe, tochi, pini za kutosha, neti ya mbu, kandambili, dawa ya tumbo. Simu zinachukuliwa kwaiyo mwambie mama mapema asije akapiga polisi.

Kulenga shabaha ndo kulinilipa machungu yote. Bunduki ni ile ndogo ya .22, unalala kifudifudi, risasi tano. Wanachoangalia kwa kuruta si kupiga katikati, ni matundu yako yakaribiane, kwa sababu ukiweza kurudia kitu kilekile mara tano wao watakurekebishia lengo. Unavuta pumzi, unatoa nusu, unashikilia, na kidole unakibana pole pole mpaka mlio wenyewe ukushtue. Matundu yangu manne ungeweza kuyafunika na kizibo cha soda. Risasi ya tano sijui ilienda kwa nani.

Kosa langu kubwa lilikuwa mahudhurio. NCC inataka asilimia 75 ya gwaride kila mwaka, na chuo nacho kina mahudhurio yake ya darasani, hivi viwili vinagombana. Nilienda kambi nikidhani kila mwalimu anajua. Mmoja hakujua, au hakutaka kujua, akaniandika sikuwepo siku zote kumi na nikakosa alama za ndani za somo lake, nilipoleta barua baadaye akasema imechelewa. Nilikasirika mwaka mzima. Sasa wewe, kabla hujaondoka, nenda kwa yule mhadhiri wa chuo anayesimamia NCC, wanamwita ANO, chukua barua ya ruhusa, toa kopi, mpelekee kila mwalimu mkononi na umwombe asaini kopi yako. Mkononi, siyo kuacha mezani.

Kuhusu faida niwe mkweli. Kama ni raia wa India na unataka uofisa wa jeshi, cheti cha C chenye gredi B kwenda juu kinakufungulia mlango wa pekee: unaruka mtihani wa maandishi unaenda moja kwa moja kwenye usaili wa SSB, ile bodi inayochagua maofisa wa jeshi, na wasichana pia, mradi shahada yako ina angalau asilimia 50. Hiyo ni kubwa sana, watu wanakesha miaka kwa ule mtihani. Ila ukirudi Dar kutafuta kazi benki, hakuna anayejua C ni nini. Mimi kwenye usaili mmoja walidhani ni alama niliyopata. Kwaiyo kama unakwenda kwa ajili ya cheti tu halafu unarudi kuishi huku, mi nakwambia hesabu vizuri asubuhi zako, ni nyingi. Mimi nilibaki kwa sababu ya wale wasichana wa hema langu, tisa, wawili walikuwa hawajawahi kulala nje ya kijiji chao, na mpaka leo tuna grupu.

Kwa akina mama walioniuliza inbox: ndiyo, mahema ya wasichana yako peke yake, na kuna wakufunzi wa kike wanaolala nao palepale. Hereni na bangili za dhahabu abaki nazo bibi, uwanjani hawaruhusu. Na mpakie mtoto pakiti mbili za kashata, zangu ziliisha siku ya kwanza.