Dumuzi na fukusi si mdudu mmoja?

SWALI: Mahindi yangu nimeyaweka darini yakiwa kwenye magunzi. Sasa nikishika gunzi, unga unamwagika. Nilipuliza dawa ya fukusi kama mwaka jana, wapi! Jirani anasema ni dumuzi. Kwani si mdudu yuleyule? (Mama mkulima, Urambo)

JIBU: Hapana mama, ni wawili. Na unga huo umeshamtaja mwenyewe: ni dumuzi, ambaye huko kwenu mnamwita Scania. Fukusi hutoboa, lakini hamwagi unga kiasi hicho.

Weka wachache kwenye sahani nyeupe uwatazame. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga, na mgongoni madoa manne ya rangi ya kutu. Dumuzi hana mkonga. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4, mviringo kama kipande cha msumari, kichwa kimejificha chini ya kifua na nyuma kakatika wima kama aliyepigwa panga.

Fukusi ni wa nafaka. Jike hutoboa punje, hutaga yai, huziba tundu, na mtoto hukulia humohumo. Mara nyingi mnatoka naye shambani bila kujua. Dumuzi kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, aliingia Tabora miaka ya 1970 ikielekea mwisho. Huyo huishi hata porini kwenye miti mikavu, hupenda makopa ya muhogo kama mahindi, na hujificha kwenye nguzo za ghala. Kwa hiyo dari likiwa tupu usidhani kahama. Gonga boriti uone kama vumbi litadondoka.

Kosa lako kubwa, samahani mama, ni magunzi. Punje zikiwa zimeshikana, dumuzi anapata pa kujiegemeza atoboe. Pukuchua, zikiteleza anahangaika.

Kuhusu dawa: pirimifosi-methili humuua fukusi vizuri ila dumuzi humsumbua kidogo tu, perimethrini ndiyo inayomweza dumuzi. Tafuta ya unga yenye vyote viwili, usome kibandiko kabla ya kulipa. Anika mahindi mpaka yakauke sawasawa, pepeta, ndipo uchanganye kwa kipimo kilichoandikwa. Yaliyogeuka unga yachome moto leo, usiyatupe nyuma ya nyumba. Na boriti zilizotobolewa zing'olewe kabla hujarudisha gunia hata moja.