Eksosta inaweza kunyonya manyoya ya kwa silingi?

SWALI: Tumenunua nyumba ya zamani ya masetla huku Njoro. Juu ya silingi kumejaa kitu kama pamba ya kijivu na vipande vinang'aa, halafu mavi ya popo. Tunataka kutoa yote ndio fundi wa stima apite. Jirani anasema tuite tu eksosta kutoka Nakuru town inyonye mara moja. Ni sawa? – Mama Wawili, Njoro

JIBU: Mama Wawili, tafadhali eksosta muiwache na kazi yake ya choo. Pampu yake ni ya uchafu unaotiririka, manyoya makavu kama hiyo pamba yenu (ni insulesheni, ya kuzuia joto na baridi) yatakwama kwa paipu, na vumbi laini likipita linatemwa nje kwa sababu haina filta ya kulishika, kwa hivyo mtakuwa mmetoa vumbi kwa silingi mkaleta kwa uwanja watoto wanachezea.

Lakini hata kabla ya gari, hivyo vipande vinavyong'aa vinanisumbua sana. Vinaweza kuwa vermikulaiti, madini mepesi yaliyotumika kama insulesheni. Yenyewe si sumu, shida ni ingine ilichimbwa ikiwa na asbesto ndani (nyuzi za madini zinazoharibu mapafu), kama ile ya mgodi wa Libby kule Montana, Marekani, uliofungwa 1990. Kwa macho hakuna fundi anaweza kukwambia, ni maabara tu, na ugonjwa wa asbesto huchukua hata miaka 20 au zaidi ndio ujitokeze. Msifagie, msipande huko, fungeni mlango wa silingi, uende ofisi ya NEMA, mamlaka ya mazingira, uulizie watu wenye leseni ya asbesto wachukue sampo. Ikipatikana, hiyo ni taka hatari kisheria, haiendi jaa la Gioto na takataka zingine.

Ikiwa safi, tafuta lori la vakyumu ya kavu, ulizia kampuni zinazosafisha viwanda. Lori linabaki nje, paipu nene inapanda hadi silingi, manyoya yanaanguka kwa tangi na hewa inachujwa kwa filta kabla itoke. Vakyumu ya nyumba itaziba mapema sana. Stima izimwe, na wafanyakazi wakanyage mbao si bodi za silingi, bodi zitawaangusha sebuleni.

Popo watoke kwanza, na si wakati wana watoto. Mavi yao yakikauka hubeba kuvu ya kuumiza mapafu, kwa hivyo yanyunyiziwe maji kidogo na kila anayepanda avae barakoa ya N95 au kali zaidi, si kitambaa.

Na msiweke insulesheni mpya kabla fundi wa stima hajapita, akague nyaya zote zikiwa bado zinaonekana.