Muulize Fundi: Nyumba mpya imeufukuza mtandao

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Soni, Lushoto. Nyumba yangu ya zamani ilikuwa ya udongo na paa la nyasi, na simu ilishika hata nikiwa kitandani. Mwaka jana watoto wakanijengea nyumba ya tofali za saruji, bati la rangi, dari la jipsamu na madirisha ya alumini. Tangu nihamie, mtandao umebaki uani. Binti yangu akipiga kutoka Dodoma anaambiwa sipatikani, kumbe niko sebuleni nakunywa chai. Simu nimeining'iniza dirishani kwenye kikapu, ikilia nakimbia. Cha ajabu, kitochi changu cha zamani kinashika palepale ambapo simu janja haishiki. Mnara nauona kwa macho, juu ya kilima mbele ya nyumba. Kuna kijana ananiuzia busta, kile kifaa cha kukuza mtandao, kwa laki tatu na nusu. Ninunue?

Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa nyumba. Hiyo laki tatu na nusu iache kwanza mfukoni. Busta nitaifikia, nina kisa nayo.

Tuanze na nyumba ya nyasi, maana jibu lako limo humo. Mnara uko kilimani na wewe uko chini, kwa hiyo mawimbi yanakujia kwa mshazari kutoka juu, kama mvua ya upepo. Ukuta wa udongo nao hula mawimbi; kilichokuwa kinakuletea simu kitandani ni paa. Nyasi kavu haziyazuii. Bati linayarudisha yalikotoka, kama kioo kinavyorudisha mwanga. Watoto wamekuezekea vizuri, mvua haiingii, na mtandao nao hauingii. Kidogo kinachobaki kinajipenyeza madirishani, na kama umeweka wavu wa mbu wa waya, pale tena kinapungua. Wavu wa plastiki hauna neno. Jipsamu nayo haina neno, ila kama mafundi walitandika ile karatasi ya kung'aa chini ya bati kuzuia joto, hiyo ni bati la pili.

Kitochi hakina uchawi. Simu haisikilizi tu, nayo inabidi isikike kule mnarani. Kitochi kinatumia 2G, ule mtandao wa zamani, na kwenye masafa ya megahezi 900 kinaruhusiwa kutoa hadi wati 2. Simu janja ikiwa kwenye 4G, ule mtandao mpya wa kasi, inatoa kama wati 0.2, yaani sehemu moja ya kumi. Halafu 4G mara nyingi hupita kwenye masafa ya juu zaidi, ambayo hayapendi kuta. Basi simu janja inahangaika kutafuta 4G, inapata moto, chaji inakwisha, na binti anaambiwa hupatikani. Fungua mipangilio ya laini, tafuta aina ya mtandao, chagua 2G pekee. Ukitaka kumwona mjukuu kwa video, irudishe 4G na utoke uani. Najua ni usumbufu, ila ni bure, na simu za kawaida zitaingia.

Sasa zile namba. Vijiti vya mtandao juu ya kioo usiviamini. Kila kiwanda kinachora vyake. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa desibeli, ikiwa na alama ya kutoa mbele. Kutoa 85 ni pazuri. Kutoa 100 unaanza kubahatisha. Kutoa 115, sahau. Na hizo si namba za kujumlisha kama alama za mtihani: kila desibeli 10 ni mara kumi. Ukuta mmoja wa zege unaweza kula 10 au 15 peke yake.

Chukua daftari, Mwalimu, uzunguke. Simama uani upande wa mnara, subiri kama sekunde kumi namba itulie, andika. Kisha kila dirisha, kisha katikati ya kila chumba. Usichanganye za 2G na za 4G kwenye safu moja, hazilingani. Ukikuta nje kutoa 80 na ndani kutoa 110, tatizo ni nyumba, na nyumba inatibika. Ukikuta hata nje ni kutoa 110, tatizo ni mtandao wenyewe. Azima laini ya jirani ya kampuni nyingine ujaribu. Tangu 2017 unaweza kuhama kampuni na namba yako ileile, kwa hiyo usiogope kupoteza watu.

Kwa kuwa mnara unauona, naweka dau kwamba nje ni kuzuri. Kikapu chako basi ni wazo sahihi, umekitundika tu pasipostahili. Mawimbi yanagonga bati, ukuta na mlima wa nyuma, yanarudi na kugongana. Penye bahati yanaongezana, penye mkosi yanafutana. Kwa megahezi 900, kutoka penye bahati pamoja hadi pengine ni kama sentimita 17, haifiki shibiri. Sogeza msumari kidogo kidogo, juu, chini, kushoto, huku ukisoma namba. Nimeona desibeli 10 zikipatikana kwa kuhamisha msumari tu. Kisha nunua spika za masikioni za Bluetooth: simu inabaki kikapuni, wewe unabaki na chai yako. Kwa mita saba au nane ndani ya chumba kimoja zinatosha.

Dawa ninayoipenda zaidi haiuzwi duka la simu, inauzwa duka la vifaa vya ujenzi. Ni lile bati la plastiki la kupitishia mwanga. Mwite fundi wa paa atoe bati moja upande unaotazama mnara, juu ya sebule, aweke hilo. Mawimbi yanapita humo kama yalivyopita kwenye nyasi, na jipsamu haitayazuia. Mwambie azibe vizuri matundu ya misumari, Lushoto kwa mvua tunaijua. Hesabu ya bati moja na ya fundi wa siku moja hailingani na ya huyo kijana wa busta.

Ukitaka intaneti ya uhakika nyumba nzima, ruta ya laini yenye tundu la antena itakufaa. Antena iwe nje chini ya upenu ikitazama mnara, ruta ndani karibu na dirisha, na waya uwe mfupi. Waya mwembamba wa kawaida hula karibu nusu desibeli kwa kila mita, hivyo mita ishirini zinameza kila ulichokwenda kukitafuta juu. Na radi zikianza, chomoa.

Haya, busta. Kabla sijafungua karakana hapa Tanga nilikuwa napanda minara. Kuna mnara mmoja watu wake walilalamika kwamba kila jioni simu zinakatika. Tulipanda, tukabadilisha waya, tukashuka, jioni zikakatika. Siku ya nne tukazunguka mtaani na kipimo, tukaishia kwenye duka la nguo. Mwenye duka alifunga busta, antena ya nje na ya ndani hazipishani hata mita mbili. Busta ikawa inasikia sauti yake yenyewe na kuikuza tena, kama kipaza sauti cha harusini kikielekezwa kwenye spika, ule mluzi. Mnara ulikuwa unasikia mluzi tu, kata nzima ikakosa simu, na yeye mwenyewe pia. Jioni ndipo alipokuwa akiiwasha. Vifaa vya namna hiyo vinahitaji idhini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Muulize kijana akuonyeshe idhini ya hicho anachouza, halafu uangalie anavyobadilisha mazungumzo.

Fundi, kijijini kwetu hata ukipanda mti hakuna mtandao. Hizo dawa zako zinatusaidiaje? Msomaji, Kilindi.

Hazikusaidii, ndugu yangu. Kama hakuna kitu angani, hakuna cha kukuza. Mnara mmoja wa 2G kwa kawaida hauvuki kilomita 35 hata pasipo na kilima, na kwenye vilima hata kumi ni nyingi. Kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya 2006, unaozipa kampuni ruzuku zijenge minara sehemu ambazo peke yao zisingekwenda. Serikali ya kijiji iandike barua, iweke idadi ya kaya, shule na zahanati, na nakala iende kwa diwani na mbunge. Barua ya kijiji ina uzito kuliko ujumbe wako kwa huduma kwa wateja, na mimi nimeshajenga mnara ulioanza na barua ya namna hiyo.

Kaka fundi, stendi wanauza stika ya rangi ya dhahabu ya kubandika nyuma ya betri, eti inaongeza mtandao. Ni kweli? Msomaji, Korogwe.

Dada, hapana. Nilishawahi kupima simu na stika, kisha bila stika, namba ileile. Kama umeshanunua, ibandue. Betri za siku hizi zikivimba, unataka uione mapema.