Kupima vitundu vya zeolaiti kwa gesi: usiishie kwenye namba ya BET

Mwuliza swali anasema eneo la uso la sampuli yake ya ZSM-5 (aina ya zeolaiti, yaani fuwele yenye vitundu vyembamba mno), iliyopimwa kwa nitrojeni kwenye Kelvini 77, hubadilika kila anapochagua pointi nyingine za BET (mlinganyo wa kukadiria eneo la uso kutokana na gesi inayonaswa), na kwamba programu ya mashine inamwonyesha pia vitundu vya nanomita 3.8. Nimezipima zeolaiti kwa miaka mingi, na maswali haya mawili ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi.

Mlinganyo wa Brunauer, Emmett na Teller wa mwaka 1938 unachukulia kwamba gesi hujipanga tabaka juu ya tabaka kwenye uso ulio wazi. Njia za ZSM-5 zina upana wa takriban nanomita 0.55, hazina nafasi ya tabaka la pili, hivyo molekuli huzijaza kwa mkupuo wakati p/p₀ (shinikizo la gesi likigawanywa kwa shinikizo ambalo gesi hiyo hugeuka kimiminika) ingali ndogo mno, chini ya 10⁻⁴. Ukianza kuhesabu kwenye 0.05 umechelewa. Fuata vigezo vya Rouquerol, yaani tumia pointi ambazo n(1 − p/p₀) bado inapanda (n ni kiasi cha gesi kilichonaswa), na C, kigezo cha mlinganyo wa BET, iwe chanya. Hata hivyo, namba hiyo itafaa kulinganisha sampuli tu. Mimi huamini zaidi ujazo wa vitundu vidogo.

Kuhusu nanomita 3.8, tazama kama kilele chake kwenye grafu ya upana wa vitundu kipo pia gesi inapoingia. Kikionekana inapotoka tu, chanzo chake ni nitrojeni yenyewe, ambayo ikiwa kimiminika ndani ya vitundu haiwezi kuhimili p/p₀ chini ya takriban 0.42, ikageuka mvuke ghafla. Usikiandike kwenye ripoti.

Ukiweza, pima kwa agoni kwenye Kelvini 87, kama IUPAC, shirika la kimataifa la kemia, ilivyopendekeza mwaka 2015, kwa sababu nitrojeni huvutwa na ioni na vikundi vya haidroksili, na hivyo shinikizo ambalo vitundu hujaa halikuelezi upana wao peke yake.

Yote haya hayana maana sampuli ikiwa na maji. Ipashe moto polepole katika ombwe hadi nyuzi 350 za Selsiasi, kisha funga vali ya pampu uangalie geji: shinikizo likiendelea kupanda, maji bado yanatoka. Uzito wa kuingiza kwenye hesabu ni ule wa baada ya kukausha, na heliamu ya kupimia nafasi tupu ya kichupa cha sampuli iachwe hadi mwisho, kwa kuwa hunaswa ndani ya vitundu vyembamba na kuharibu pointi za mwanzo.