Fundi Anajibu: Kabati la Gemu Katika Nyumba ya Pwani

SWALI: Assalamu aleikum, Fundi. Nina watoto watatu, na mkubwa ana miaka kumi na minne. Nimeazimia kuunda nyumbani kabati la gemu la kusimama, kama yale ya zamani yaliyochezwa kwa sarafu, lenye kioo, vitufe na fimbo za wachezaji wawili. Kazi ya mbao naijua kiasi, kwani nimeshaunda meza na rafu za vitabu. Muuza mbao amenishauri ninunue MDF kwa sababu ni laini na hukatika bila taabu. Je, nimfuate? Na vipimo niviweke vipi ili mimi na watoto sote tucheze bila kuumia mgongo? — Baba Watoto, Kisauni.

JIBU: Wa aleikumu salaam, Baba Watoto. Muuza mbao hakukudanganya, kwa maana MDF haina mafundo wala nyuzi za kupasuka, na uso wake hushika rangi vizuri kuliko ubao mwingine wowote wa bei yake. Alichokiacha ni kukuuliza unaishi wapi. MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikatiwa gundi na kubanwa. Uso wake umekaza, lakini ukingo wake hunywa maji kama utambi unavyonywa mafuta ya taa, na hewa ya kwetu haikauki hata wakati wa kaskazi.

Nakueleza jambo lililonikuta. Niliwahi kuunda kabati la namna hii kwa MDF ya milimita 18, nikalipaka rangi mikono mitatu, ila kingo za chini zilizogusa sakafu nikaziacha tupu kwa kuwa hazionekani. Nyumba ile hupigwa deki kila asubuhi, kama nyumba nyingi za Mombasa. Masika yalipokwisha niliitwa nilitazame. Nilipiga magoti nikapitisha kidole chini ya ubavu, nikakuta ukingo umevimba hadi kukaribia milimita 25, umeachana tabaka kwa tabaka kama kitabu kilicholowa, na ule mkanda wa plastiki wa kupambia kingo umetoka katika mfereji wake na kuning'inia. Ubao huo ukishavimba haurudi, hata ukiuanika juani wiki nzima. Kazi ile bado inaniuma, na ndiyo sababu ninakujibu kwa urefu.

Kwa hiyo nunua plaiwudi ya milimita 18, na ukimudu, ile inayoitwa ya baharini, ambayo gundi yake imetengenezwa kuhimili maji. Usinunue kwa kuangalia uso tu. Inama utazame kingo zote nne: tabaka ziwe nyingi na za unene unaolingana, pasiwe na mapengo kati yake, kwa kuwa pengo utakalolikuta ukingoni lina ndugu zake ndani, na siku utakapotoboa tundu la kitufe juu ya pengo, ubao utachanika. Faida nyingine ni uzito, kwani bamba zima la MDF la unene huo hukaribia kilo 40, ilhali la plaiwudi huwa jepesi zaidi, na kabati hili utalisogeza mara nyingi kuliko unavyodhani.

Bamba la futi 8 kwa 4 lina sentimita 244 kwa 122, na ukipanga vizuri, mabamba mawili yanatosha kazi yote. Ukifanya kina cha ubavu kuwa sentimita 60 na urefu wake 170, mbavu zote mbili zitatoka katika bamba la kwanza zikiwa zimelala sambamba, nafasi ya kupita msumeno ikiwemo, na utabakiwa na kipande cha kuundia rafu. Upana wa ndani ya kabati nao uwe sentimita 60, ili bamba la pili ulipasue vipande viwili virefu vya upana huohuo, kisha uvikatekate kwa ajili ya sakafu, paa, uso wa mbele na meza ya vitufe. Upana huo pia ndio unaowatosha wachezaji wawili kusimama bega kwa bega bila kupigana viwiko. Ukiupunguza ili kuokoa nafasi sebuleni, watoto wataishia kucheza kwa zamu. Mlango wa nyuma utosheke na plaiwudi nyembamba ya milimita 6 au 9 yenye bawaba.

Sasa urefu. Kwa mtu mzima anayesimama, meza ya vitufe hufaa ikiwa sentimita 95 hadi 100 kutoka sakafuni, nayo iinamie kidogo upande wa mchezaji. Usilishushe kabati kwa ajili ya mtoto mdogo, kwa kuwa mtoto anakua na kabati halikui. Muundie kibao imara cha kusimamia, kinachoingia chini ya kabati asipokitumia. Hata hivyo usiniamini mimi wala kipimo cha mtu mwingine yeyote kabla hujajaribu kwa mwili wako. Chukua makaratasi magumu ya maboksi ya friji au televisheni, ambayo maduka huyatupa, ukate ubavu mmoja kamili na meza ya vitufe, uvisimamishe kwa gundi ya utepe, kisha uwaite watoto. Mkubwa aweke kiganja juu ya mahali pa vitufe, na uchore kwa penseli pale ncha za vidole vyake zinapotua bila kulazimishwa. Utaona kwamba vidole havitui katika mstari ulionyooka: cha kati huenda mbele, cha shahada na cha pete hurudi nyuma. Toboa kwa kufuata upinde huo. Saa moja ya kazi ya karatasi imeniokolea mabamba mengi.

Meza ya vitufe ndiyo sehemu inayowashinda wengi, basi isikilize vizuri. Vitufe vya mtindo wa Kimarekani huhitaji tundu la karibu milimita 28, vya mtindo wa Kijapani milimita 30, na vile vidogo vya kuanzishia mchezo milimita 24. Nunua vitufe kwanza, uvipime, ndipo ununue kekee ya kutobolea. Vile vya Kijapani vinavyobana kwa kucha zake vimetengenezwa kwa bati jembamba, na katika ubao wa milimita 18 havishiki kitu. Tafuta vyenye uzi na nati, na uzi uwe mrefu kupita unene wa ubao wako. Fimbo nazo zina tatizo kama hilo, kwani ukiifunga chini ya ubao mnene, shina lake hutokeza kidogo tu juu na kuchezea kwake kunakuwa kama kushika kidole cha mtoto. Mwenye mashine ya ruta huchimba upande wa chini mpaka ubaki unene mdogo. Wewe ambaye huna, fanya meza ya tabaka mbili: juu plaiwudi ya milimita 6, chini ya milimita 12, na katika ile ya chini ukate dirisha la ukubwa wa bamba la chuma la fimbo, ili fimbo ifungwe moja kwa moja kwenye ile nyembamba. Unapotoboa, bana kipande cha ubao chakavu upande wa pili, la sivyo kekee itakapotokeza itang'oa uso wa plaiwudi.

Kuhusu kioo, amua kwanza mtacheza nini. Pac-Man ya mwaka 1980 na Donkey Kong ya 1981 zilitumia kioo kilichosimama wima, ilhali Street Fighter II ya 1991 ilitumia kilicholala. Kioo cha kompyuta cha zamani cha inchi 19, kile kinachokaribia mraba, kinafaa pande zote mbili na maduka ya vifaa vilivyotumika mjini huwa navyo. Angalia mgongo wake uwe na matundu manne ya skrubu, na ukifunge kwa namna itakayokuwezesha kukigeuza.

Baada ya hapo kazi yote ni kupigana na chumvi na unyevu. Ule mkanda wa plastiki wa kingo huhitaji mfereji uliochimbwa kwa ruta katikati ya ukingo. Katika Pwani yetu mimi napendelea kugundisha kingoni utepe wa mbao ngumu wa milimita 5 au 6, mvule ukipatikana, kisha niusawazishe kwa randa na msasa. Unaziba tabaka, unalinda pembe zisimegeke, na unapendeza. Kingo zisizoonekana, hasa za chini na za matundu, zipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikauke, piga msasa, rudia, ndipo praima na rangi ya mafuta ifuate. Ndani pia paka, kwa sababu ubao uliopakwa upande mmoja hunyonya unyevu kwa upande mwingine na kupinda. Skrubu ziwe za chuma cha pua au shaba, kwa maana za kawaida hutoa machozi ya kutu yanayopenya rangi. Na tafadhali, kabati lisikae sakafuni. Lifungie miguu ya mpira au magurudumu ya kuinua angalau sentimita 4, maji ya deki yapite chini yake.

Toboa nafasi za hewa chini ya mlango wa nyuma na nyingine juu karibu na paa, hewa ya moto ipande na kutoka, na zote uzizibe kwa wavu mwembamba. Mijusi kafiri na mende hupenda joto la mashine kuliko sisi. Ndani tumia ekstensheni moja iliyofungwa ubavuni, na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3, ambayo kwa umeme wetu wa volti 240 inatosha kabisa kioo, kompyuta ndogo na spika. Kitufe cha sauti kiweke nje mahali panapofikika haraka, adhana ikitoka mtu aweze kuteremsha sauti mara moja bila kufungua mlango.

SWALI: Baba yangu aliacha mbao za mvule za inchi moja, kavu kabisa, zimekaa miaka mingi. Je, naweza kuzitumia kuunda mbavu za kabati badala ya plaiwudi? — Msomaji, Likoni.

JIBU: Mbao za mzee usizitumie kwa mbavu. Ubavu wa upana wa sentimita 60 itakubidi uunganishe mbao tatu au nne, na ubao mzima hutanuka kwa upana wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kaskazi, hata uwe mkavu namna gani. Plaiwudi haifanyi hivyo kwa kiasi hicho kwa sababu nyuzi za tabaka zake zimekingamana. Zipasue tepe za kingo, na moja uifanye ukingo wa mbele wa meza ya vitufe, pale viganja vinapolala. Hapo zitaguswa kila siku.

SWALI: Nimeambiwa kuna programu inayoitwa MAME inayochezesha gemu zote za zamani bure. Je, ni halali? — Mwanafunzi wa chuo, Tudor.

JIBU: Tofautisha programu na gemu. MAME ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1997, kazi iliyoanzishwa na Nicola Salmoria wa Italia, na tangu 2016 ni programu huria ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia. Inachokifanya ni kuiga mwenendo wa mashine za zamani. Gemu zenyewe, yaani data iliyokuwa ndani ya vipande vya kumbukumbu vya mashine hizo, nyingi bado zina wenyewe, na kuzichukua bila idhini ni kuvunja haki ya mtunzi, hata kama kampuni haiuzi tena mashine ile. Zipo ambazo wenyewe wameziruhusu kwa matumizi yasiyo ya biashara, zikiwemo Robby Roto na Gridlee, nazo zimewekwa katika tovuti ya MAME. Anza na hizo, na nyingine ununue katika mikusanyo ambayo kampuni huiuza kwa kompyuta. Jambo moja la kiufundi: ukitumia Raspberry Pi, aina ya kompyuta ndogo sana inayotumia kadi ya kumbukumbu, izime kwa utaratibu wake, kwa sababu umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika. Weka nakala ya kadi hiyo pembeni.

SWALI: Tunakaa ghorofa ya pili katika Mji wa Kale, na ngazi zetu ni nyembamba zenye kona kali. Fundi mmoja alitaka kuliundia kabati chini uani kisha walipandishe. Nifanyeje? — Mama wa Mji wa Kale.

JIBU: Shikamoo, mama. Msimamishe kwanza. Kabati la urefu wa sentimita 170 halikunji kona ya ngazi za nyumba zile, na nimeona kitanda kikikatwa kwa msumeno katikati ya ngazi kwa kosa hilohilo. Alikate kabati vipande viwili tangu kwenye mchoro: kitako cha chini, na juu yake sehemu yenye meza ya vitufe na kioo. Mpaka uwe sentimita chache chini ya meza ya vitufe, ambapo kivuli chake huuficha. Vipande viunganishwe kwa boliti nne za milimita 8 kutoka ndani, na vijiti viwili vya mbao ngumu vya kuongozea ili vikae sawa kila mara, na waya ziwe na kiungio cha kuchomoa pale mpakani. Kabla hajakata chochote, achukue lile karatasi la boksi nililomwambia Baba Watoto, lenye ukubwa wa kipande kirefu zaidi, apande nalo ngazi mpaka mlangoni kwenu. Likipita bila kukunjwa, aanze kazi.