Deni ni ya muzazi, mutoto anafanya nini inje? Maulizo yenu ju ya sekondere ya Leta

Tangu tulisema huu ukurasa utaongea ju ya masomo, barua zenu zimekuya mingi kupita hata zile za balokateri na benye manyumba, na ile nayo haikuwaka mambo kidogo. Nimechagula tano. Majina ya masomo nimetosha, ya batu pia, sababu Lushi (Lubumbashi) ni mugini mukubwa lakini kwa mambo ya kusengenya ni kijiji.

*Yaya wa ukurasa, jambo. Miye niko mama, nauzisha makala hapa Katuba, mutoto wangu eko mu pili ya humanité (sekondere) ku masomo moya ya bapadri. Nililipa transhi mbili za minervali (feza ya masomo), ya tatu nilikosa sababu baba yake hatumike tangu mwaka jana. Asubui ya ekzame ya matematika prefe (mukubwa wa masomo) akasimama ku mulango na liste, akaita majina, wangu akarudishwa nyumba pamoya na wengine. Sasa banasema ata buletini (karatasi ya poeni) hatapata. Nilienda kule kulia, bananijibu: mama, hii ni masomo ya misioni, haiko ya Leta, ukishindwa peleka mutoto kwa Leta. Na miye nilisikiaka Fatshi, prezida, alisema masomo ni bure. Niko na haki ao sina?*

Mama, tuanze na ile ya mwisho maana njo inachanganya batu bengi. Katiba ya 2006, kifungu 43, inasema primere ni lazima na ni bure mu masomo ya Leta, na ile mambo ilianza kutumika kweli Septemba 2019. Primere, mama. Sekondere haimo. Ata kilasi ya saba na ya nane, zile sheria ya 11 Februari 2014 ya masomo iliweka pamoya na primere mu «edikasio ya baze», bazazi banaendelea kulipa, na kila Septemba kuko muzazi ananiandikia kama banamuibia. Kwa hiyo ile transhi ya tatu uko nayo deni, siwezi kukudanganya hapa ju ya kukupendeza.

Lakini kuko mambo mbili balikuambia zenye haziko kweli. Ya kwanza, ile ya «haiko ya Leta». Masomo ya bapadri, ya baprotestanti, ya bakimbangisti, ile tunaitaka konvansione, ni masomo ya Leta yenye kanisa inasimamia, tangu ile mapatano ya 1977 kati ya Leta na makanisa. Programu ni ya Leta, inspekteri ni wa Leta, Ekzame d'Eta, ile ya kumaliza sekondere, jina yake yenyewe inasema, na mulimu mwenye eko mekanize, maana yake mu liste ya mishahara, analipwa na Leta. Mupadri eko na ufunguo wa biro, ni kweli, lakini sheria za mule ndani haziko za parokia. Kama ingekuwa masomo ya prive tungeongea luga ingine.

Ya pili ni ju ya mutoto mwenyewe. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda batoto, kifungu 38, imegawanya vizuri kabisa: haki ya kusoma ni ya mutoto, kazi ya kutafuta namna asome ni ya bazazi. Sasa ona ile asubui moya ilimukatia nini. Mu sekondere, kama kozi iko ku 20 kila periode, ekzame iko ku 40, maana yake semestre nzima ni 80 na nusu yake inachezwa siku moya. Mutoto anaweza kuwa alifanya bien periode zote mbili, akapata 15 na 16, wakamurudisha ku mulango, na anakuwa na 31 ku 80. Ile haiko tena namna ya kudai deni, ni kumupa mutoto azabu ya mufuko ya baba yake.

Fanya hivi, na ufanye hii wiki, usingoje deliberasio, ile balimu banakaa kukata nani anapita, sababu kisha deliberasio kila mutu anakuambia «mama ulikuwa wapi». Andika barua ya angajema kwa prefe: nitalipa kiasi hiki, tarehe hii, na ninaomba mutoto afanye ile ekzame alikosa. Kopi mbili. Ile ya kwako sekretere aitie muhuri na tarehe, akikataa usiondoke, kaa pale ku banki ya kukalia na mikono yako ya makala inaonekana, balimu bataona haya mbele yako wewe. Prefe akikataa, peleka ile kopi ku koordinasio ya masomo ya bakatolika, kisha ku su-divizioni, biro ya Leta ya masomo. Beba na resu zote mbili. Na kama ulipewa resu bila muhuri, ya kuandika na biki ku kipande ya kayé, ile ni karatasi ya kufungia karanga, rudi uombe ya kweli.

Kuko kitu ingine hukuuliza. Kila mwaka guvernere wa provinsi anatia sinyatire ku arete, uamuzi wa kuandikwa, yenye inaonyesha frais za masomo, na masomo inapashwa kuonyesha ile arete, siyo kusema tu kama iko. Omba kuiona. Fanya jumla ya zile transhi tatu, linganisha. Sisemi kama banakuibia, nasema linganisha.

Na niseme hii pia, mutanitukana kama munataka: prefe haiko shetani. Mu masomo mingi hapa kwetu kuko balimu benye hawako mekanize, habana mushahara ata franka moya kutoka Leta, banaishi na ile prime ya bazazi tu, na hii mambo inavutika tangu miaka ya 1990. Transhi ya tatu ikikosa, mulimu wa matematika hakuye, na wewe mwenyewe utakuwa wa kwanza kulalamika. Lakini kutoka pale mupaka kusimama ku mulango na liste asubui ya ekzame, hapana.

*Niko mufinalisti (mwaka wa mwisho wa sekondere), komini ya Kampemba. Balikuta telefone mu banki yetu wakati wa enterogasio, tuko batatu ku ile banki. Direkta wa disipline akasema ni yangu, akaniambia «toka, usirudie, uko definitif». Hakuna karatasi. Sasa ni wiki mbili niko nyumba. Mama anasema nisali.*

Sali, lakini kesho asubui vaa inifome, enda na muzazi ku biro ya prefe muulize kitu moya tu: nani alikata hii mambo, na prosè-verbale, ile karatasi ya uamuzi, iko wapi?

Direkta wa disipline hawezi kufukuza mutu milele mu koridore. Fungua reglema (sheria za ndani) ya masomo, ile bazazi balitia sinyatire mwezi wa kenda bila kusoma, na karibu mu masomo yote utakuta mustari ni moya: kumuonya, kuita muzazi, kumufukuza siku kadiri, na ya milele inakuya mwisho kabisa kisha konsei ya disipline kukaa. Ile konsei inapashwa kukusikiliza. Konvansio ya haki za mutoto ya 1989, kifungu 12, inasema mutoto asikilizwe mu kila mambo yenye inamuhusu, na inchi yetu iliingia mule 1990 wakati bado inaitwa Zaïre, basi haiko kitu ya juzi. Kama uko na miaka 18 kamili, reglema peke inatosha kukuombea konsei.

Telefone ya banki ya batu batatu haina jina juu. Lakini kati yetu, kama ilikuwa ya kwako, sema mbele ya konsei, usiachie benzako mbili, sababu konsei inaweza kusamehe telefone, haisamehe uongo.

Na wewe uko mufinalisti, kwa hiyo kuko kitu ya haraka kupita hata hii kesi: hakikisha jina yako iko ku liste ya Ekzame d'Eta. Ile liste inapita mu masomo, mutu moya akikutosha kimya kimya utakuya kujua siku ya orsesio, ile sehemu ya kwanza ya ekzame, wakati benzako banaingia kufanya disertasio na wewe uko ku parsele. Batakuambia unaweza kupita kama otodidakti, mwenye anasoma peke yake. Ni kweli njia iko, lakini ni kuanza foleni ingine, usikubali mbio. Wiki mbili bila karatasi, kwa sheria wewe ungali mwanafunzi mwenye hakuye, tu.

*Yaya, komite ya bazazi hapa Ruashi ilikubali dola tano kila mutoto ju ya mabati. Ni mwaka wa pili, mabati hatuone. Nikiuliza banasema «COPA ilikubali», kama vile COPA ni Mungu. Miye niko baba wa batoto batatu pale, maana yake dola kumi na tano kila mwaka.*

COPA ni wewe, baba. Ni bazazi benye bazazi benzao balichagula, na mukubwa yake anakaa pamoya na prefe mu konsei ya jestio, ile yenye inapanga feza ya masomo. Anaweza kukuambia mbili mbili feza ilienda wapi, sababu njo kazi yake. Ombeni asamble ya bazazi yote kwa barua yenye sinyatire ya bazazi bengi, siyo wewe peke maana wewe peke batakuita opozisio, na mu barua muandike ulizo moya: feza iliingia ngapi, ilitoka ngapi, fakitire ya mabati iko wapi. Kama bananyamaza, ile barua na sinyatire zake inaenda ku su-divizioni.

Ju ya zile dola tano: kama haziko ku arete ya guvernere, ni muchango wa bazazi, haiko frais ya Leta, na mutoto hatoshwe mu kilasi ju yake.

Sasa acha niwaseme na ninyi, na miye ndani. Nilikaaka mu reunio moya ya bazazi, masomo iko na batoto zaidi ya mia sita, tulikuwa batu kumi na moya, bamama tisa na bababa mbili, moya analala. Ile siku tulipandisha feza ya kila mutu. Mvua ilikuwa inataka kunyesha, tukanyoosha mikono mbio mbio tuende. Kisha miezi mbili, bazazi benye hawakukuya balikuwa banatukana komite, na miye nikanyamaza sababu mukono wangu ulikuwa ndani.

*Mulimu wa mutoto wangu anapiga batoto na kipande ya tuyo. Ya pompe. Mutoto alikuya na alama ku mugongo. Bwana yangu anasema sisi wote tulipigwa na tulikuwa batu. Komini Kenya.*

(Kenya ya hapa Lushi, kwa benye banasoma wakiwa mbali.) Mama, sheria ya 2009, kifungu 57, inasema disipline ku masomo na nyumba pia ifanywe kwa kumuheshimu mutoto kama mutu, na Leta itoshe azabu za kupiga. Na kuacha alama ku mugongo wa mutu ni kifungu 46 ya Kode penale, ikiwa ni mulimu ao ni mulevi wa ku bare. Enda ku santé leo mbele alama haijapotea, munganga aandike, kisha uone prefe na ile karatasi. Prefe akicheka, kuko polisi ya kulinda batoto na bamama. Na bwana yako umuambie tu: fimbo Babelge njo balituachiaka mu hii inchi, haikuwa zawadi.

*Mutoto wa dada yangu eko na mimba, miaka kumi na saba, eko mu tatu ya humanité. Sere (mutawa) alimuambia «nenda uzae kwanza, hapa haiko materinité», na kisha kuzaa ati hatamurudisha sababu ni mufano mubaya. Mwenye alimupa mimba anasoma mule mule, bado anaingia kila asubui.*

Ile mustari yako ya mwisho njo imenilalisha na macho wazi. Mufano mubaya inavaa jupe tu, kumbe.

Katiba kifungu 45 inasema kila mutu aingie mu masomo ya Leta bila ubaguzi wa mwanamuke ao mwanaume. Na Charte ya Afrika ya haki za mutoto ya 1990, kifungu 11, imeandika wazi wazi: musichana mwenye amebeba mimba mbele hajamaliza masomo apewe nafasi ya kuendelea. Basi sere anaweza kumuambia apumuzike wakati tumbo imekuwa nzito, hiyo ni maneno ya dada mukubwa, lakini «hatarudia» haiko neno ya kwake.

Omba atestasio ya frekentasio (karatasi ya kuonyesha alisoma pale) na buletini ya hii mwaka sasa, ukiwa ungali unasalimiana na masomo vizuri, maana hata kama mwisho munachagula masomo ingine hazitakupokea bila hizo mbili. Barua ya kurudia muiandike mbele ya vakansi, mutaje tarehe ya kuzaa kama munganga anasema, ili Septemba basiseme nafasi imejaa. Na mutoto aendelee kukopia kozi kwa mwenzake, hata akiwa nyumba.

Kuko kitu moya hukuandika na miye siwezi kuirukia: yule kijana eko na miaka ngapi? Hapa kwetu musichana wa 17 ni mutoto kwa sheria ya 2006 ya matendo ya nguvu ya kimapenzi. Kama naye ni mutoto kama yeye ni mambo ya kukaa jamaa mbili. Kama ni mukubwa, na zaidi sana kama umenificha na «anasoma mule mule» ni «anafundisha mule mule», niandikie tena, usiweke jina, tutaongea inje ya ukurasa.