Maswali ya Wasomaji: Sur, mji wa majahazi chini ya milima ya Hajar

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza juu ya Sur, mji mtulivu wa pwani ya mashariki ya Omani, ambako milima ya Hajar inashuka hadi karibu na maji ya bahari. Tumeunganisha yanayofanana, na tunajibu kwa urefu pale ambapo msafiri hukosea zaidi.

Swali: Nitakuwa Muscat kwa kazi na nimebakiwa na siku moja. Kuna magari ya watalii yanayokwenda Sur asubuhi na kurudi jioni. Yanafaa?

Kwa siku moja, ndugu yetu, ishia Wadi Shab, korongo lenye madimbwi lililo njiani, urudi. Kutoka Muscat hadi Sur ni kama kilomita 200 kwa barabara kuu ya pwani, yaani saa mbili za kuendesha bila kusimama. Tatizo ni kwamba kusimama utasimama tu. Kuna shimo la Bimmah, ambako paa la pango la mawe ya chokaa liliporomoka likaacha dimbwi la maji ya kijani yaliyochanganyika na ya bahari. Kuna ufuo mweupe wa Fins, kisha Wadi Shab yenyewe inayokula nusu siku. Wanaojaribu kubana yote hayo huingia Sur jua likizama, wanapiga picha mbili za mnara wa taa, wanageuza gari.

Na mambo mazuri ya Sur hutokea usiku na alfajiri. Kwa hiyo tunasema bila kusita: lala siku mbili. Gari dogo la kukodi linatosha, maana njia yote ni lami. Gari la magurudumu manne utalihitaji ukitaka kupanda milimani. Mabasi ya Mwasalat yapo kati ya Muscat na Sur, ila basi halitakusubiri huku wewe unaogelea kwenye wadi. Barabarani mwendo wa juu ni kilomita 120 kwa saa na kamera ni nyingi.

Swali: Twende mwezi gani? Mke wangu anataka kuona kasa wakitaga, mimi sistahimili joto.

Hapo ndipo penye mgongano. Hali ya hewa ni ya raha kuanzia Novemba hadi Machi, ila kasa hupanda kwa wingi kuanzia Mei hadi Septemba, majira ambayo joto la mchana hupita nyuzi 40. Tungewashauri Oktoba: jua limeanza kulegea na kasa bado wanakuja. Huwa wanataga mwaka mzima, hivyo hata Januari mnaweza kumwona mmoja au wawili, lakini pia mnaweza kurudi mikono mitupu. Jueni vilevile kwamba Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba, ndizo nyakati za vimbunga katika Bahari ya Arabuni. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kiliipiga vibaya pwani hii. Vimbunga haviji kila mwaka, ila msilipie chumba kisichorudishiwa fedha.

Kasa wanaonekana Ras al Jinz, kilomita 40 na kitu mashariki ya Sur, katika hifadhi iliyowekwa kwa amri ya Sultani mwaka 1996. Ufuo hauingiliki bila mwongozaji na nafasi ni chache, kwa hiyo wekeni mapema. Ziara ni mbili: ya usiku, kuanzia kama saa mbili na nusu au saa tatu, na ya alfajiri, kuanzia kama saa kumi. Kutoka kituoni hadi majini ni mwendo wa mchangani wa karibu kilomita moja, gizani, basi vaeni viatu visivyozama.

Msikasirike mwongozaji akiwazuia mbali. Kasa akitoka majini ana wasiwasi mwingi. Akiona taa au mtu anayetembea, anageuka anarudi baharini bila kutaga. Akikubali mahali, huchimba kwanza kwa mapezi ya mbele mpaka mwili wote ukae shimoni, kisha mapezi ya nyuma yanafukua kishimo chembamba, pezi moja likichota mchanga na jingine likingoja zamu yake. Mayai yakishaanza kudondoka, kama mia moja hivi, ndipo watu huruhusiwa kusogea kwa zamu, nyuma yake. Usiku kupiga picha hairuhusiwi. Mwenye hamu ya picha achague alfajiri: watu ni wachache, mwanga unakuja wenyewe, na mara nyingine mtamkuta kasa wa mwisho akijikokota kurudi majini.

Swali: Wadi Shab ni hatari? Nina watoto wa miaka 9 na 12, na mimi mwenyewe kuogelea si hodari.

Dada yetu, panaendeka, mradi ujue pa kuishia. Wadi ni korongo la mto ambalo aghalabu huwa na maji kidogo tu, ila linaweza kujaa ghafla. Gari unaliacha chini ya daraja kubwa la barabara kuu. Hapo kuna vijana wenye boti ndogo wanaokuvusha ng'ambo kwa riyal moja kwenda na kurudi. Muulize mwenye boti saa ya safari ya mwisho kabla hujapanda. Kwa kawaida wanafunga kabla ya giza, kwenye saa kumi na moja jioni.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika 40 hadi saa nzima. Mwanzo ni rahisi: changarawe, mitende na mifereji ya kumwagilia ambayo wenyeji huiita falaj. Baadaye njia inapanda kwenye kingo za mwamba na mawe makubwa yaliyosuguliwa na maji mpaka yakawa kama sabuni. Ndipo wengi wanapoteguka vifundo, na sababu karibu kila mara ni kandambili. Vaeni viatu vya mpira vyenye meno, vinavyofungwa, mnavyoweza kuingia navyo majini. Maji ya kunywa yawe lita mbili kwa kila mtu, kwa sababu yale ya wadi si ya kunywa.

Mwisho wa njia kuna madimbwi yanayofuatana. La kwanza lina sehemu za kina kifupi, na hapo ndipo pa kuishia wewe na mdogo. Anayeendelea lazima aogelee, mpaka kwenye ufa wa mwamba ulio mwembamba kiasi cha kupitisha kichwa tu juu ya maji. Ndani yake kuna pango lenye maporomoko, na mwanga unaingia kwa juu. Ni pazuri mno, ila asiyeogelea vizuri asiende, hata akiwa na jaketi la kuokolea: ndani ya ufa huwezi kusimama wala kupumzika. Simu iwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji.

Jambo la kuogopwa kweli ni mafuriko. Mvua ikinyesha juu milimani, maji hukufikia huku anga ya kwako ni safi. Usiku wa kuamkia safari angalieni tahadhari za idara ya hali ya hewa ya Omani. Ikitajwa mvua juu ya milima ya Hajar, ahirisheni. Mkiwa ndani na maji yakabadilika rangi kuwa ya udongo, au vijiti na majani vikaanza kuelea, msikimbilie boti. Pandeni ubavuni mara moja, juu kadiri inavyowezekana, mngoje. Na barabarani, kuvuka wadi inayotiririka kwa gari ni kosa la kisheria, hata kama aliye mbele yenu amevuka.

Swali: Ni kweli Sur bado wanaunda majahazi?

Ni kweli, ingawa kazi imepungua sana na karakana iliyobaki ni ya kutembelewa kwa adabu, kwa sababu watu wako kazini. Nenda asubuhi kabla ya saa sita. Mchana kuanzia saa saba mji mzima hupumzika. Tazama mpangilio wa kazi: hapa mbao za ubavu hutangulia kupandishwa juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na mataruma, zile mbavu za ndani, huingizwa baadaye kufuata umbo lililokwisha kupatikana. Fundi wa jadi hana mchoro. Jicho ndilo kipimo. Mbao bora ni msaji kutoka India. Inama uangalie mishono: pamba iliyolowekwa mafuta imekandamizwa kati ya ubao na ubao kwa patasi butu. Ndiyo kalafati, na ubao ukivimba majini unaibana zaidi.

Usikose pia Fatah al-Khair, ghanja (aina ya jahazi kubwa) iliyoundwa Sur mwaka 1951, ikauzwa, kisha watu wa mji wakainunua tena kutoka Yemen na kuirudisha mwaka 1993. Tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, imechongwa nakshi. Vuka daraja la kuning'inia uende Al Ayjah jioni. Kutoka mnara wa taa unaona ghuba, nyumba nyeupe na milima kwa pamoja.

Qalhat, bandari ya kale iliyoingia orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2018, iko njiani kabla ya kufika Sur. Kilichosimama ni kaburi la Bibi Maryam. Eneo lina uzio, kwa hiyo uliza hotelini kama lango liko wazi.

Swali: Mavazi, fedha na lugha?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume pia. Kwenye wadi na Bimmah mwanamke aogelee na fulana na suruali ya kubana. Usipige picha za wanawake. Ijumaa asubuhi maduka mengi hufungwa mpaka baada ya sala.

Riyal moja ni baisa 1,000, na ni zaidi kidogo ya dola mbili na nusu za Marekani. Bei iliyoandikwa 0.500 ni nusu riyal. Beba noti ndogo, kwani mwenye boti hana chenji ya riyal 20.

Kiswahili? Jaribu. Familia nyingi za Sur na mkoa wa Sharqiya zilifanya biashara Zanzibar au ziliishi huko, na wapo waliorudi baada ya 1964 wakiwa na lugha yao. Anza kwa salamu ya Kiarabu, ukae kidogo, kisha mwambie mzee "Shikamoo" usikilize atajibu nini.